Kunguni hazoei dawa: uzi wa namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi

Mwalimu wa Umoja

Wanajamvi, salaam.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila pembe ya Nairobi, kuanzia Pipeline hadi Kangemi: "Hawa kunguni wameshazoea dawa." Nyumba inapuliziwa, wiki chache zinapita kwa amani, kisha wanarudi, na safari hii dawa ile ile ni kama maji kwao. Maneno hayo hayo husemwa kuhusu malaria, kuhusu taifodi, kuhusu kupe wa ng'ombe kule Kajiado. Wanachokiona watu ni cha kweli kabisa. Maelezo yao ndiyo si ya kweli, na kosa hilo linatugharimu, maana anayeamini kwamba mdudu amezoea hufanya mambo yanayozidisha tatizo.

Kunguni mmoja mmoja habadiliki. Aliyezaliwa na mishipa ya fahamu inayodhurika na dawa atakufa siku atakapoikanyaga ya kutosha. Aliyezaliwa na kinga atapita juu yake na kuendelea na safari ya kukutafuta. Kinachobadilika ni kundi zima, na linabadilika kwa njia moja tu: nani anakufa, nani anabaki, na nani anaacha watoto.

Tufanye hesabu ya mfano. Ploti ina kunguni 1,000. Watano kati yao wamezaliwa na jeni (maagizo ya mwili yanayorithiwa kutoka kwa wazazi) iliyo tofauti kidogo, inayowawezesha kustahimili dawa. Hawakuiomba. Kabla dawa haijaletwa haiwafaidi lolote, pengine hata inawarudisha nyuma kidogo. Fundi anapuliza. Kati ya wale 995 wa kawaida wanakufa 975, na 20 wanaponea kwenye nyufa za kitanda. Kati ya wale watano wanabaki wanne. Kabla ya dawa, wenye jeni hiyo walikuwa nusu ya asilimia moja. Sasa ni 4 kati ya 24, karibu asilimia 17. Hakuna kunguni hata mmoja aliyegeuka, lakini kundi si lile tena. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 200 maishani mwake, na penye joto na damu ya kutosha yai huwa kunguni mzima ndani ya miezi miwili hivi. Rudia dawa ile ile mara ya pili, ya tatu, ya nne, halafu piga hesabu upya.

Hayo ndiyo mageuko: uwiano wa aina za jeni ndani ya kundi unabadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria nyani na mifupa ya kale. Mimi nafikiria godoro la Pipeline.

Na historia ipo. DDT ilipoanza kutumika miaka ya 1940 kunguni walikufa kwa wingi usio na mfano, lakini kufikia 1947 huko Hawaii walikuwa wameonekana kunguni wasiodhurika nayo. Dawa nyingi tunazonunua leo ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa kulima. Pairethroidi na DDT hushambulia mahali pamoja: mlango wa sodiamu, yaani kijitundu cha kupitishia sodiamu ili mishipa ya fahamu ipeleke ishara. Kwa hiyo kunguni ambao mababu zao walichujwa na DDT walikuwa tayari wamerithi jeni za kuwasaidia hata kabla pairethroidi hazijafika madukani.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize.

Fundi wa Kupuliza

Mwalimu, kazi yangu ndiyo hii, Pipeline, Tassia na Kware, kwa hiyo umegusa unga wangu. Swali langu ni hili. Nikipuliza dawa hafifu, nikirudi baadaye nahitaji kali zaidi. Mlevi aliyeanza na chupa mbili leo anamaliza sita na bado anatembea wima. Kwa nini kunguni asiwe hivyo hivyo?

Mwalimu wa Umoja

Fundi, swali lako ni zuri kwa sababu linaweza kupimwa. Mwili wa mlevi kweli hubadilika yeye akiwa hai. Lakini mtoto wake hazaliwi akiwa na uwezo wa chupa sita, anaanzia sifuri kama mtoto mwingine yeyote. Kama kunguni wangekuwa wanazoea hivyo, basi kinga ingeisha pamoja na aliyezoea, na watoto wake wangekufa kwa dozi ya kwanza. Sivyo unavyoona.

Kuna jaribio moja nalipenda kuliko yote ninayofundisha. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, mume na mke, waliotesha bakteria kwenye sahani isiyo na dawa. Vikundi vidogo vidogo vikaota. Wakachukua kitambaa cha mahameli, wakakigandamiza juu ya sahani hiyo kama muhuri, kisha wakakigandamiza kwenye sahani nyingine zenye dawa, hivyo kila kikundi kikatua mahali pake pale pale. Kwenye sahani zenye dawa karibu vyote vilikufa, ila vichache viliota, na viliota sehemu ile ile katika kila sahani. Ndipo wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijawahi kuguswa na dawa, wakachukua bakteria kutoka sehemu hiyo. Walikuwa sugu tayari! Dawa haikuwafundisha chochote. Iliwakuta hivyo, ikawaondolea washindani.

Kuhusu dawa hafifu ulichoona ni sahihi, ila tazama kinachotokea. Kila kunguni ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja tu ya kinga mara nyingi anastahimili dozi ndogo lakini kubwa inamuua. Ukipuliza hafifu unawaacha hawa hai, wanazaana wao kwa wao, na baadhi ya watoto wao wanazaliwa na nakala mbili. Hao ndio watakaokusumbua mwakani.

Duka la Dawa Eastleigh

Nachangia upande wa malaria, maana wateja wangu hutumia maneno hayo hayo: "mwili wangu umezoea hii dawa, nipe nyingine." Mwili wako hauhusiki. Vimelea ndivyo vilivyobadilika, na pengine vilibadilikia mwilini mwa mtu usiyemjua, nchi usiyowahi kufika.

Klorokwini ni mfano mzuri. Usugu wake ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 mpakani mwa Thailand na Kambodia, na pia Colombia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukawa umefika Afrika Mashariki. Kenya iliendelea na klorokwini hadi 1998 hivi, ilipohamia dawa za salfa. Hizo nazo hazikudumu, na mwaka 2004 ikaamuliwa twende kwenye dawa za mseto zenye artemisinini, ndizo hizi mnazopewa mpaka leo.

Mwalimu, naomba uelezee Malawi. Wengi hawaijui hiyo.

Mwalimu wa Umoja

Asante sana daktari wetu. Malawi iliacha klorokwini mapema kuliko wengine, mwaka 1993. Vimelea vyenye jeni ya usugu vikaanza kupungua mwaka hadi mwaka, bila mtu kuvigusa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa tena watoto wa Malawi klorokwini, na ikaponya karibu wote.

Kwa nini? Kwa sababu kinga si ya bure. Jeni inayokisaidia kimelea kuitoa dawa mahali inapofanyia kazi inakipunguzia nguvu mahali pengine. Dawa ikiwapo, mzigo huo unalipa. Dawa ikiondoka, kimelea kisichobeba mzigo kinazaana haraka zaidi na kundi linarudi lilikotoka. Ndiyo maana huwa nawakatalia wanafunzi wanaosema viumbe "wanapanda ngazi" kuelekea ubora. Hakuna ngazi. Kuna mazingira ya sasa, na nani anaacha watoto wengi zaidi katika mazingira hayo. Mazingira yakigeuka, aliyekuwa mbele anakuwa nyuma.

Tahadhari tu: hili halitokei kila mara. Wakati mwingine linazuka badiliko la pili linalofuta gharama ya lile la kwanza, na usugu unabaki hata dawa ikisahaulika. Na sasa hivi Rwanda na Uganda kumepatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, vyenye mabadiliko ya jeni yaliyozuka hapa hapa, hayakuletwa na ndege kutoka Asia. Hilo linaniogopesha kuliko kunguni wote wa jiji hili.

Shemasi K.

Nimesoma kwa utulivu. Sina ugomvi na hesabu zako. Lakini tuwe wakweli, mwalimu: kunguni sugu ni kunguni. Kimelea sugu ni kimelea. Hujatuonyesha kitu kimoja kikiwa kingine. Kutoka hapo hadi kusema aina zote zilitokana na nyingine ni kuruka bonde la Kerio kwa hatua moja.

Mwalimu wa Umoja

Shemasi, ni hoja nzito na nitaijibu kwa samaki, kwa sababu ziwa letu ndilo darasa bora duniani kwa swali hilo.

Ziwa Victoria lilikauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Leo, au tuseme hadi miaka ya 1970, lilikuwa na aina zipatazo 500 za wale samaki wadogo ambao upande wetu huitwa fulu na Tanzania furu. Karibu wote hawapatikani kwingine popote. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula samaki wenzao, na taya na meno yao yanafanana na kazi zao. Jeni zao zinaonyesha kuwa mababu zao walikuwa mchanganyiko wa samaki wa upande wa Kongo na wa upande wa Naili waliokutana na kuzaana. Mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti za kuanzia.

Sasa tazama wawili tu kati yao, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Ndiyo, wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Wanaishi kwenye visiwa vya mawe Ghuba ya Mwanza. Dume wa kwanza ni wa buluu, wa pili ana wekundu mgongoni. Wa buluu hukaa juu, mwekundu hukaa chini zaidi. Katika maji yale mwanga wa buluu hufifia upesi ukienda chini, unabaki mwekundu. Macho ya wale wa chini yana jeni zinazoona wekundu vizuri zaidi, na majike wao huchagua madume mekundu. Majike wa juu huchagua wa buluu. Hakuna ukuta baina yao. Uchaguzi wa mchumba ndio unaowatenga, na kizazi baada ya kizazi jeni zao zinazidi kuachana.

Ushahidi wa kwamba hilo ndilo linalowatenga unapatikana pale maji yalipochafuka. Kwenye visiwa ambako tope limeziba mwanga, rangi hazionekani, majike hawabagui, na aina mbili zimerudi kuwa kundi moja lenye rangi za katikati. Kwenye maji maangavu ni aina mbili kamili. Kwenye maji ya wastani wako nusu njia. Unaona hatua zote kwa wakati mmoja, ndani ya ghuba moja. Sijui ni bonde gani limebaki la kuruka hapo, shemasi, na nasema hivyo kwa heshima.

Mifupa ya kale iliyogeuka mawe ni ushahidi mwingine. Siku ukiwa karibu na Museum Hill ingia Makumbusho, usome habari za Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ambayo Kamoya Kimeu aliigundua Nariokotome mwaka 1984, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Ila mimi nikiulizwa nianzie wapi, naanzia kwa samaki.

Shemasi K.

La aliyeweka sheria hizo nabaki na imani yangu. La samaki wa Mwanza nimelipokea, nitalisoma zaidi.

Nyar Kisumo

Mwalimu, fulu hao bibi yangu alikuwa akiwaanika juani Dunga. Siku hizi ni omena na mbuta tu.

Mimi nina swali la nyumbani. Mtoto wangu wa pili ana selimundu. Tunaishi Kayole, ukoo wetu ni wa Kisumu. Niliwahi kuambiwa na mtu wa hapa mjini kwamba ni "ugonjwa wa watu wenu wa ziwa," kama vile tuna damu mbaya. Kama maumbile yanachuja wadhaifu jinsi unavyosema, kwa nini jeni hii haikuchujwa zamani?

Mwalimu wa Umoja

Dada, kwanza pole kwa maneno hayo, na mtoto Mungu amjalie nguvu. Aliyekuambia hivyo hajui anachokizungumzia, na jibu lake la kisayansi lilipatikana hapa hapa Kenya.

Tony Allison alikulia Gilgil. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akazunguka nchini akipima damu. Alikuta kitu cha ajabu. Pwani na kando ya ziwa, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na nakala moja ya jeni ya selimundu. Nyanda za juu na nchi kame, chini ya asilimia 1. Haikufuata lugha wala ukoo. Ilifuata mbu. Mwaka 1954 alichapisha matokeo: mwenye nakala moja haugui selimundu, na pia malaria kali haimwezi kirahisi. Katika jaribio moja alichukua Wajaluo 15 wenye nakala moja na 15 wasio nayo, wote wakiwa wameishi mbali na malaria kwa muda, wakaambukizwa. Kati ya wasio nayo, vimelea vilishika kwa 14. Kati ya wenye nayo, kwa wawili tu. Leo jaribio la kumwambukiza mtu hivyo lingewekewa masharti makali mno, na ni haki, lakini matokeo yake yamesimama hadi leo.

Kwa hiyo jeni hiyo iliwabakiza hai mababu zako, dada. Watu wa ziwa hawana damu mbaya. Ni wajukuu wa watoto ambao malaria haikuwaua.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayojibu swali lako la kuchujwa. Tuseme katika kundi fulani nakala 1 kati ya 10 za jeni hiyo ni ya selimundu. Watu wakioana bila kujuana hali, katika kila 100 watazaliwa 81 wasio nayo, 18 wenye nakala moja, na 1 mwenye nakala mbili, ndiye mgonjwa. Huyo mmoja amebeba nakala 2. Wale 18 wamebeba 18. Yaani nakala tisa kati ya kila kumi zimejificha kwa watu wazima wa afya. Hata kama zamani kila mgonjwa alifariki kabla ya kuzaa, mchujo uliziona nakala chache tu katika kila kizazi. Na penye malaria, ikiwa wasio na jeni hiyo walipoteza mtoto mmoja kati ya tisa zaidi ya wenye nakala moja, hasara na faida zinalingana sawasawa, na uwiano unasimama hapo hapo 1 kwa 10 vizazi na vizazi. Mchujo hauangalii wema wa jeni kwa jumla. Unaangalia watoto wangapi walibaki, mahali hapo, wakati huo.

Hapa Nairobi tuko juu ya mita 1,600, malaria ya kuambukizwa papa hapa ni nadra. Faida imeondoka, hatari kwa mtoto imebaki. Je, jeni itaisha? Polepole mno. Kwa hesabu ile ile, bila malaria na bila matibabu kabisa, kutoka 1 kati ya 10 kufika 1 kati ya 20 kunachukua vizazi kumi, yaani miaka 250 au 300. Na ni jambo jema kwamba matibabu yapo, watoto wanakua na kuwa wazazi. Hatuwezi kuwaachia watoto wetu mchujo eti kundi lisafike. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kuna watu waliwahi kuitumia sayansi hii kwa ukatili huo.

Kwa nyinyi wawili: ikiwa kila mzazi ana nakala moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya ugonjwa. Haijalishi wa kwanza alizaliwa vipi. Ndugu zako wanaotarajia kuoa au kuolewa wapime, ni kipimo cha damu tu.

Nyar Kisumo

Asante mwalimu. Hayo ya mbu nitamsomea baba yake jioni.

Mzee wa Ngong

Vijana, nimefuata uzi huu tangu asubuhi. Sisi tuliokulia ng'ombeni tunakunywa maziwa mabichi hadi uzee na tumbo halisemi kitu. Mpangaji wangu, kijana wa kutoka mbali, akinywa kikombe kimoja anaumwa usiku kucha. Hilo nalo ni jeni? Na la pili, simba wa hifadhi hapa Nairobi, sasa kwamba mji umewazunguka, wataishia wapi?

Mwalimu wa Umoja

Shikamoo mzee.

La maziwa ni jeni, ndiyo. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kwa wanyama karibu wote, na kwa watu wengi duniani, kimeng'enya hicho huzimwa baada ya kuachishwa ziwa. Kwa jamii za wafugaji hakizimwi. Mwaka 2007 kikosi cha Sarah Tishkoff kilichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makundi 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba badiliko linaloliacha swichi likiwaka kwa wafugaji wa huku si lile la Wazungu. Ni jingine, lililozuka huku na kuenea katika miaka kati ya 2,700 na 6,800 iliyopita, baada ya ng'ombe kufika. Watu wa mbali wakapata suluhisho moja kwa njia mbili tofauti, kwa sababu wote walikuwa na ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyetubadilisha, mzee! Mpangaji wako mpe maziwa mala, sehemu ya sukari huwa imeshaliwa na bakteria wa mgando.

La simba ni tofauti na yote tuliyosema, na ni zuri umeliuliza. Mpaka sasa nimezungumzia mchujo. Lakini kundi dogo hubadilika hata bila mchujo wowote, kwa bahati tu. Simba 30 wakiwa na jeni fulani ambayo wawili tu wanaibeba, na wawili hao wakagongwa na gari au wakapewa sumu, jeni imekwenda, iwe nzuri iwe mbaya. Katika kundi la maelfu ajali kama hiyo haionekani. Ngorongoro ilitokea: mwaka 1962 nzi wanaouma waliwashambulia simba wa kreta hadi wakabaki wachache sana, na waliofuata karibu wote ni wa ukoo mwembamba wa hao waliobaki na madume wachache walioingia baadaye, wakizaana ndugu kwa ndugu.

Dawa yake ni mgeni. Dume mmoja akiingia kutoka kundi jingine analeta jeni ambazo humo ndani zilishapotea. Hifadhi yetu ni kilomita za mraba 117, ina ua pande tatu, na upande wa kusini uko wazi kuelekea Kitengela na nyanda za Athi-Kaputiei. Kila ua mpya unaowekwa Kitengela ni mlango unaofungwa kwa simba, na sidhani wanaogawanya mashamba yale wanalitazama hivyo. Natamani walitazame hivyo.

Mzee wa Ngong

Marahaba. Na ndovu? Nasikia siku hizi wapo wanaozaliwa bila pembe.

Mwalimu wa Umoja

Ni kweli, na mahali palipochunguzwa vizuri ni Gorongosa, Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya ndovu wa hapo, wakiuawa kwa ajili ya pembe. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5. Baada yake, asilimia 50.9. Mwindaji ndiye aliyekuwa mchujo. Uchunguzi wa 2021 ulionyesha jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya X, na dume anayeirithi hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo jike asiye na pembe anamkwepa jangili lakini anapoteza nusu ya watoto wa kiume. Nikikumbuka zile tani 105 za pembe zilizochomwa hapa Nairobi National Park mwaka 2016, sifikirii ndovu waliokufa peke yao. Nafikiria pia jeni walizokwenda nazo.

Fundi wa Kupuliza

Mwalimu, kabla uzi haujafungwa, niambie mimi wa Jumatatu asubuhi. Nina nyumba tatu Tassia zinanisubiri. Nifanye nini tofauti?

Mwalimu wa Umoja

Fundi, wewe ndiwe mchujo wa kunguni wa Tassia, kwa hiyo chuja kwa akili.

Usibadilishe dawa kwa kuangalia jina la kopo. Angalia kiambato. Makopo matatu ya rangi tofauti yanaweza kuwa yote pairethroidi, na kwa kunguni hiyo ni dawa moja. Ukibadilisha, hamia jamii nyingine kabisa, yenye kuua kwa njia nyingine, ambayo imeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani. Mwenye jeni ya kuponea ya kwanza hana sababu ya kuwa na ya kuponea ya pili. Dawa ya shambani usiiingize chumbani hata mteja akikusihi; watoto wanalala humo.

Pima kipimo kamili kilichoandikwa. Rudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na wanaoanguliwa lazima uwakute kabla hawajaanza kutaga. Ongea na mwenye ploti nyumba zote za ghorofa hiyo zifanywe siku moja, la sivyo wa jirani watarudi na jeni zao.

Na tumia joto kila unapoweza. Kunguni na mayai yake hufa kwenye nyuzi joto 50, na mvuke unapita hizo kwa mbali. Neti, shuka na nguo zichemshwe. Fremu ya kitanda ifunguliwe yote, nyufa zipigwe mvuke polepole, halafu zizibwe. Badiliko la mlango wa sodiamu halimsaidii kunguni kitu mbele ya maji ya moto.

Fundi wa Kupuliza

Mashine ya mvuke ninayo, ilikuwa ya makochi. Mwenye ploti nampigia leo.